Leseni ya Kuandika: Kisa cha Kijana wa Kamiriithu

Vijana wawili wa Limuru walibishana. Mmoja alikuwa amesoma hadithi za Robert Louis Stevenson, zikamkaa moyoni, akamwambia mwenzake kwamba siku moja angependa naye aandike kitabu kama vile. Mwenzake akamkatiza. Kitabu, alisema, hakiandikwi na mtu yeyote tu. Lazima uwe na leseni, na ukiandika bila leseni utakamatwa. Wakavutana juu ya jambo hilo siku nyingi, na walipoachana kila mmoja akaenda shule yake, hakuna aliyekuwa amemshinda mwenzake.

Aliyetaka kuandika ni Ngũgĩ wa Thiong'o, enzi zile akiitwa James Ngugi. Kisa hiki alikisimulia mara nyingi, na kila kinaposimuliwa watu hucheka. Mimi sijawahi kuweza kukicheka. Kenya ya miaka ile ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mgikuyu hakuruhusiwa kupanda gari moshi bila pasi. Mashamba yake yaliweza kuchukuliwa, kijiji chake kikabomolewa, ndugu yake akapelekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Katika nchi ya namna hiyo, kijana anayedhani kuandika kitabu kunahitaji leseni si mjinga. Ameitazama nchi yake akaielewa.

Ndiyo maana nimelichukua swali la yule rafiki nikalifanya swali la uchambuzi huu: ni nani aliyempa Ngũgĩ ruhusa ya kuwa mwandishi? Kipaji tumekizungumza sana, nacho hakina ubishi. Lakini kipaji hakielezi kwa nini mtoto mmoja kati ya watoto wengi wa boma moja la Kamiriithu alifika mwaka 1964 akiwa na riwaya mkononi. Kila hatua ya safari yake ina mlango, na kwenye kila mlango amesimama mtu. Wako waliofungua na wako waliofunga. Mmoja alidanganywa, na nadhani kwa kudanganywa huko ndiko riwaya za baadaye zilikoanzia.

Nyumba ya hadithi

Alizaliwa tarehe 5 Januari 1938. Baba yake alikuwa na wake wanne, mama yake Wanjikũ akiwa wa tatu. Jioni watoto wa boma lote walikusanyika katika nyumba ya mke mkubwa, moto ukiwaka katikati, wakasikiliza hadithi. Hadithi zilikuwa na sheria yake: ni za usiku. Mchana zilikimbia, ndivyo watoto walivyoambiwa, maana mchana ni wa kazi.

Alipojua kusoma, akapata Agano la Kale kwa Kigikuyu. Humo alikutana na Daudi na Goliati, Yona tumboni mwa samaki, mambo ya ajabu yasiyopungua yale ya kando ya moto. Ila hizi hadithi za kitabu hazikukimbia jua likitoka. Angeweza kuzifungua saa yoyote, mahali popote, bila kumsubiri mtu mzima amalize shughuli zake. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha tamaa yake ya uandishi, na ni jambo la kina kuliko kuvutiwa na umaarufu wa waandishi. Mtoto aligundua kwamba yapo maandishi yanayoweza kuivunja amri ya usiku, na baada ya hapo alitaka kujua yanatengenezwaje.

Mama na swali lake

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mama. Mwaka 1947 Wanjikũ alimwuliza mwanawe kama angependa kwenda shule. Hakumwamuru, alimwuliza, naye akaweka sharti: asije akamwaibisha kwa kuacha shule kwa sababu ya njaa au shida nyingine, na siku zote afanye kwa uwezo wake wote. Mtoto akakubali.

Wanjikũ hakujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo kila jioni aliuliza habari za kazi ya shule, na mtoto akija na alama nzuri hakupigiwa vigelegele. Aliulizwa: huo ndio uwezo wako wote? Hata akisema amepata zote, swali lilibaki lile lile. Wako wanaoliona swali hili kuwa la ukali. Mimi naona ni swali la mhariri. Mama asiyeweza kusoma hata mstari mmoja wa daftari la mwanawe alimfundisha jambo ambalo waandishi wengi hulijua wakiwa wamechelewa, kwamba alama ya mwalimu ni kitu kimoja na uwezo wako ni kitu kingine. Mwalimu anaweza kuridhika na bado kazi haijaisha.

Ushahidi wa uzito wa siku ile uko wazi. Riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, *Weep Not, Child*, inafunguka kwa mama kumwita mwanawe na kumwuliza kama angependa kwenda shule. Miaka kumi na mitano baadaye, akiwa mwanafunzi wa chuo mwenye vitabu vyote vya Waingereza mezani, alipotafuta mahali pa kuanzia kitabu alirudi kwenye ua wa mama yake.

Usiku wa kuamkia mtihani

Shule yenyewe haikuwa mahali pa amani. Alianzia Kamandura, akahamia Manguo, mojawapo ya shule huru zilizojengwa na Wagikuyu wenyewe nje ya mamlaka ya wamisheni. Baada ya Hali ya Hatari shule hizo zilifungwa au zikatiwa mikononi mwa serikali, na Kiingereza kikawa mfalme. Aliyesikika akisema Kigikuyu shuleni alichapwa, au akavishwa shingoni kibao cha bati kinachomtangaza kuwa mpumbavu au punda. Kifungo cha nguo kilipitishwa kutoka mtoto hadi mtoto, kila aliyeteleza akimpokeza mwenzake, ili jioni msururu wote wa wakosaji ujulikane. Mwanafunzi aliweza kung'ara katika masomo yote, lakini akianguka Kiingereza alihesabiwa kuwa ameanguka mtihani mzima.

Hapa tamaa ya kuandika ilifungwa pingu kimyakimya. Mtoto aliyejifunza uzuri wa hadithi kwa Kigikuyu, kando ya moto na katika Biblia, sasa aliambiwa kwamba mlango wa mbele una ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo si lugha ya mama yake. Nitalirudia jambo hili, kwa kuwa ndilo deni alilolipa muda mrefu zaidi.

Wakati huohuo kaka yake, Wallace Mwangi, alikuwa ameingia msituni na Mau Mau. Kaka wa kambo, kiziwi, alipigwa risasi na askari kwa kuwa hakusikia amri ya kusimama. Mama yao alichukuliwa akahojiwa kwenye kituo cha walinzi. Na mwaka 1954, usiku wa kuamkia mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Wallace alitoka msituni kwa siri, akahatarisha shingo yake, ili amtakie mdogo wake heri. Akarudi gizani.

Nimejiuliza mara nyingi mtihani huandikwaje asubuhi baada ya usiku kama ule. Kijana aliuandika akafaulu, akachaguliwa kwenda Alliance, shule ya upili iliyoheshimika kuliko zote kwa Waafrika wa Kenya. Yule rafiki wa leseni angesema mlango umefunguka.

Lakini siku ya safari, Januari 1955, kwenye stesheni ya Limuru, alizuiwa kupanda gari la abiria. Hakuwa na pasi ya kumruhusu kutoka eneo lake kwenda Kikuyu, safari ya kilomita chache tu. Gari likaondoka, wenzake ndani, yeye na sanduku lake wakabaki. Baadaye alisaidiwa kupanda gari la mizigo. Hivyo ndivyo mwandishi huyu alivyoingia katika elimu ya upili ya nchi yake, kama mzigo.

Miaka minne ya Alliance naweza kuipita haraka. Alisoma sana, akaishi chini ya mwalimu mkuu Edward Carey Francis, na mwaka 1957 gazeti la shule likachapa maandishi yake kwa mara ya kwanza. Jambo zito la kipindi hicho halikutokea darasani. Muhula wa kwanza ulipoisha alirudi nyumbani akakuta hakuna nyumbani. Kijiji chote kilikuwa kimebomolewa, watu wamehamishiwa kijiji kipya chini ya ulinzi. Kijana alisimama na sanduku mkononi mahali palipokuwa na nyumba ya mama yake. Tukio hilo linarudi katika kazi zake tena na tena, nami nitaonyesha mahali pamoja hapa chini.

Uongo uliozaa hadithi

Julai 1959 aliingia Makerere, Kampala. Miezi michache kabla, askari walilisimamisha basi alimokuwa, wakamkamata, akalala rumande. Alipopelekwa mahakamani hakuwa na wakili. Alijitetea mwenyewe, akamhoji askari aliyemshtaki mpaka maelezo yake yakaanza kupishana, na hakimu akamwachilia. Kabla hajachapisha hadithi hata moja ya kumpa jina, alikuwa amekwisha kuona kwamba maneno yaliyopangwa vizuri huweza kumtoa mtu korokoroni.

Makerere ilikuwa na kitu ambacho Limuru haikuwa nacho: jarida. Idara ya Kiingereza ilikuwa na *Penpoint*, la wanafunzi, na mmoja wa waliolisimamia alikuwa Jonathan Kariara, Mkenya mwenzake aliyemtangulia masomoni na mshairi. Siku moja Ngũgĩ alimsimamisha Kariara njiani, akamwambia kwamba ameandika hadithi fupi, je, angekubali kuitazama? Kariara akakubali.

Hadithi haikuwapo. Alikuwa na wazo tu.

Ikabidi sasa akaiandike. Ndiyo ikawa hadithi ya mwanamke asiyezaa anayemkimbia mume anayempiga, akajikinga usiku chini ya mti mtakatifu wa mũgumo. *Penpoint* ikaichapa mwaka 1960.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana wanaosimulia maisha ya waandishi hupenda kupaharakisha. Kwa miaka mingi kijana huyu alikuwa na hamu ya kuandika, na hamu haikuzaa hadithi. Alikuwa na vitabu, walimu na maisha yaliyojaa mambo mazito kuliko riwaya yoyote, navyo bado havikuzaa hadithi. Kilichozaa hadithi ni ahadi iliyotolewa mbele ya mtu maalumu, anayejulikana kwa jina, ambaye kesho au keshokutwa atakutana nawe kwenye njia ileile na kukuuliza: iko wapi? Uongo wake ulikuwa deni, na deni likampeleka mezani.

Tena angalia ukubwa wa kile alichoomba. Hakuomba kuchapishwa, wala hakumwuliza Kariara kama ana kipaji, swali linalowaangamiza chipukizi wengi kwa sababu halina jibu la kweli. Aliomba atazamiwe kazi moja. Na Kariara, kwa upande wake, hakumwuliza umesoma wapi wala nani amekuruhusu. Alisema lete. Neno hilo moja ndilo leseni ambayo vijana wawili wa Limuru hawakuiwazia katika ubishi wao. Haikutoka ofisini. Iliandikwa na msomaji mmoja aliyekuwa tayari kusoma.

Ndiyo maana siikubali ile kauli kwamba Makerere ilimfanya Ngũgĩ mwandishi. Mihadhara yake ilikuwa juu ya waandishi wa Uingereza, na shahada zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Kilichomfaa zaidi ni kwamba jarida lilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu, na mhariri wake alikuwa mtu unayeweza kumkuta njiani.

Tarehe ya mwisho

Mlango uliofuata ulikuwa tangazo. Kuelekea mwisho wa 1961 Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, lilitangaza shindano la kuandika riwaya. Kijana aliyekuwa na hadithi fupi chache tu akaamua kushiriki. Akaandika riwaya nzima, *The Black Messiah*, akikimbizana na tarehe ya mwisho. Miaka baadaye ndiyo iliyochapishwa kwa jina la *The River Between*: milima miwili inayotazamana, mto Honia katikati, na kijana anayeamini shule zitawaunganisha watu wake.

Riwaya hiyo ilikuwa ya kwanza kuandikwa, lakini ilichapishwa ya pili, mwaka 1965. Wanaotafuta njia ya uandishi wangefaidika kulizingatia jambo hili dogo. Mswada wake wa kwanza ulimfundisha kuumaliza mswada. Kuujua mwendo wa kurasa mia moja na zaidi, kuvuka katikati ambapo moyo unakufa, kuandika sentensi ya mwisho ukijua imefika: hayo huyapati kwa kuandika mianzo kumi mizuri. Bila kuchelewa akaanza wa pili, na huo ukaandikika kwa kasi, maana mkono ulikuwa umekwisha jifunza.

Wakati huohuo alikuwa akiandika makala kwenye magazeti ya Nairobi. Kuna wasomi wanaoyachukulia makala hayo kama kazi ya kujitafutia fedha tu. Nadhani wanakosea. Gazeti halimsubiri mtu apate msukumo, na mwandishi wa gazeti huzoea kukabidhi kazi ambayo bado angependa kuigusa.

Mkutano na waliokosa kiti

Juni 1962 Makerere iliandaa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na Ezekiel Mphahlele. Kutoka Marekani alikuja mshairi Langston Hughes. Ngũgĩ, mwanafunzi, alialikwa kwa nguvu ya hadithi fupi mbili: ile ya mũgumo, na *The Return*, iliyotoka kwenye jarida jipya la *Transition*. Hii ya pili inamhusu mtu anayetoka kizuizini akakuta kijiji kimehamishwa na mkewe ameondoka na mwanamume mwingine. Msomaji anayemkumbuka mwanafunzi wa Alliance aliyerudi na sanduku kwenye uwanja mtupu hahitaji kuambiwa hadithi ilitoka wapi.

Ngũgĩ alimpa Achebe mswada wa *Weep Not, Child*. Achebe alikuwa na riwaya mbili zilizochapishwa na alikuwa mshauri wa mfululizo mpya wa vitabu vya waandishi wa Kiafrika wa nyumba ya Heinemann ya London. Aliusoma, akampa maoni, akausukuma mbele kwa wachapishaji. Ukakubaliwa. Mwaka 1964 kitabu kikatoka, na ndicho kinachohesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya Kiingereza ya mwandishi wa Afrika Mashariki kutolewa na mchapishaji mkubwa. Kwa mara nyingine msomaji mmoja alisema lete. Safari hii tu msomaji huyo alikuwa na njia ya kwenda London.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita tukio hili bila kuuliza Shaaban Robert alikuwa wapi. Alikuwa hai mkutano ulipofanyika, ingawa alifariki mwezi huohuo. Alikuwa na vitabu kadhaa vya ushairi na nathari, *Kusadikika* kikiwa kimetoka tangu 1951, na hakuwapo mwandishi wa Afrika Mashariki mwenye kazi nyingi na nzito kumzidi. Hakustahili kualikwa kwa sababu moja tu, kwamba aliandika kwa Kiswahili. Mwanafunzi mwenye hadithi mbili za Kiingereza alipata kiti.

Aliyeliweka jambo hili hadharani kwa uchungu zaidi ni Ngũgĩ mwenyewe, miaka ishirini na zaidi baadaye, katika *Decolonising the Mind*. Naliheshimu hilo sana. Ni rahisi mtu kuulaani mlango uliomfungia nje. Kuurudia mlango uliokufungulia ukasema haukuwa wa haki, tena ukimtaja aliyebaki nje, hilo huhitaji moyo wa namna nyingine. Lakini sitaki tumsomee mwanafunzi wa 1962 kosa ambalo hakuna aliyekuwa akiliona. Kiingereza kilikuwa ufunguo aliokabidhiwa kwa fimbo tangu utotoni. Aliutumia.

Ipo na gharama nyingine isiyotajwa sana. Mama aliyemwuliza kama huo ndio uwezo wake wote hangeweza kukisoma kitabu kilichoanza na sauti yake. Tena Njoroge, mtoto wa riwaya hiyo, hafiki mbali: anatolewa shuleni, anapelekwa kituoni, anateswa, na ndoto ya elimu inazimika. Ngũgĩ alivuka, akampa mhusika wake hatima ya wale ambao gari la mizigo halikuwasubiri. Ndiyo sehemu ya kitabu hicho ninayoiona kuwa ya kweli kuliko zote.

Leseni yenyewe

Kisa kingeweza kukomea 1964, mwandishi akiwa amepatikana. Lakini ubishi wa wale vijana wawili ulikuwa haujapata hukumu.

Mwaka 1977 Ngũgĩ, sasa akiwa ameliacha jina la James, alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Julai mwaka huo riwaya yake *Petals of Blood* ilizinduliwa na waziri wa fedha, Mwai Kibaki. Kitabu hicho kiliwashambulia vikali matajiri wapya wa Kenya huru, na hakuna aliyekamatwa. Kilikuwa cha Kiingereza.

Miezi mitatu baadaye, Kamiriithu, kijiji chake, wakulima na wafanyakazi walipanda jukwaani kuigiza *Ngaahika Ndeenda* (Nitaolewa Nikipenda), tamthilia aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa Kigikuyu. Uwanja wa maonyesho waliujenga wenyewe. Wazee walisahihisha lugha, wanakijiji wakaongeza nyimbo na kumbukumbu zao, na watu wakafurika kutoka mbali. Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 2 Oktoba. Ili waonyeshe walihitaji leseni kutoka kwa mkuu wa wilaya, nao walikuwa nayo. Tarehe 16 Novemba leseni hiyo iliondolewa. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba askari walimfuata Ngũgĩ nyumbani, naye akazuiliwa katika gereza la Kamiti bila mashtaka karibu mwaka mzima, mpaka tarehe 12 Desemba 1978.

Kumbe yule rafiki hakukosea. Leseni ilikuwapo, na asiyekuwa nayo alikamatwa. Alichokosa kukijua ni kwamba haikudaiwa kwa kila aina ya uandishi. Mwandishi wa Kiingereza aliachwa, maana waliomsoma walikuwa wachache na waliojulikana. Leseni ilidaiwa siku maneno yalipofika kwa watu waliotajwa ndani yake, kwa lugha yao.

Kizuizini, katika seli namba 16, Ngũgĩ aliandika riwaya yake ya kwanza ya Kigikuyu, *Caitaani Mũtharaba-inĩ* (Shetani Msalabani), kwenye karatasi za chooni. Karatasi za Kamiti zilikuwa ngumu, zimekusudiwa kumwadhibu mfungwa, na kwa ugumu huo zilistahimili kalamu. Safari hii hapakuwa na jarida, shindano wala Achebe, wala Kariara wa kuambiwa uongo. Kwa mara ya kwanza aliandika kitabu bila mtu yeyote kumwambia lete, na kwa lugha ambayo mama yake angeielewa akisomewa.

Kitabu kikachapwa 1980. Familia zilikisoma kwa sauti jioni, mwenye kusoma akiwasomea wasiojua. Wafanyakazi walikusanyika wakati wa mapumziko ya mchana, mmoja wao akawasomea. Kilisomwa kwenye matatu. Kilisomwa kwenye vilabu vya pombe, na Ngũgĩ anamtaja msomaji mmoja wa kilabuni aliyekuwa akisoma mpaka glasi yake ikauke, kisha, hadithi ikiwa imefika pale penye utamu, anakilaza kitabu mezani na kunyamaza, mpaka mtu aagize nyingine ndipo aendelee.